Nimepata mkopo wa kusoma saikolojia, kaka anasema nitakatwa mpaka nizeeke

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 20, nipo Songea. Nilimaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya HGL (historia, jiografia na Kiingereza), nikapata daraja la pili. Nimechaguliwa kusoma shahada ya saikolojia, miaka mitatu, chuo binafsi kilichopo Dar es Salaam. Ada ni 1,900,000 kwa mwaka, na michango mingine (usajili, bima, kitambulisho, mitihani) inafika 180,000. Bodi ya Mikopo imenipangia asilimia 60 ya ada, fedha ya chakula na malazi 10,000 kwa siku, na 200,000 ya vitabu kwa mwaka.

Shida ni hilo pengo linalobaki. Baba anataka kuuza ekari moja kati ya tatu tulizonazo. Mama anasema atakopa kwenye kikoba, riba yake ni asilimia 10 kwa mwezi. Kaka yangu, aliyemaliza chuo 2014, anapinga yote. Anasema saikolojia haina kazi, na mkopo wa Bodi ni kitanzi: yeye anakatwa tangu alipoajiriwa na deni halishuki. Anataka nisome diploma ya miaka miwili hapa karibu, ambayo familia inaimudu bila kukopa, halafu nianze kazi mapema. Anasema mwenye diploma hiyo anaanza na 400,000 kwa mwezi.

Saikolojia naipenda, lakini sitaki kuwatumbukiza wazazi shimoni. Zimebaki wiki tatu kabla ya kuripoti. Nifanyeje?

Binti wa Songea

Marahaba, binti.

Hapo nyumbani mna madeni mawili mnayoyazungumza kama moja. Kuna la Bodi, ambalo kaka analiogopa, na kuna la kikoba, ambalo mama analiona dogo kwa sababu halifiki hata milioni. Yaandikeni yote mawili kwenye karatasi moja, mtaona mmeogopa lisilotisha.

La Bodi kwanza. Asilimia 60 ya ada yako ni 1,140,000. Fedha ya chakula na malazi hutoka kwa awamu nne za siku 60, yaani 600,000 kila bumu (ndivyo wanafunzi wanavyoiita fedha hiyo) linapoingia kwenye akaunti, 2,400,000 kwa mwaka. Ongeza vitabu 200,000, unapata 3,740,000 kwa mwaka na 11,220,000 kwa miaka mitatu. Ukienda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, mara moja kwa siku 56 na kulipwa 10,000 kwa siku, ni 560,000 zaidi. Juu yake kuna ada ya uendeshaji ya asilimia 1. Utatoka chuoni ukidaiwa takriban 11,900,000.

Kwa binti ambaye hajawahi kushika hata laki tano, namba hiyo inatisha. Sasa tazama inavyolipwa. Ukiajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi na kuipeleka Bodi kila mwezi. Mshahara ukiwa mdogo, unakatwa kidogo kwa muda mrefu. Ukiwa mkubwa, unakatwa kingi na kumaliza mapema. Baada ya kumaliza chuo kuna miezi 24 ya kujipanga kabla hujatakiwa kuanza kulipa. Na tangu Julai 2021 deni lenyewe halizai tena: ile tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka, ambayo Rais Samia alitangaza Mei Mosi ya mwaka huo kuwa inafutwa, iliondoka, na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa nayo ikaondoka. Deni la 11,900,000 litabaki 11,900,000 huku bei na mishahara ikipanda.

Kaka yako hakudanganyi, ila anakusimulia mkopo wa enzi nyingine. Chukua mtu wa rika lake aliyedaiwa 10,000,000 na kulipwa 400,000 kwa mwezi. Wakati huo makato yalikuwa asilimia 8, yaani 32,000 kwa mwezi, 384,000 kwa mwaka. Tozo ya asilimia 6 peke yake ilikuwa 600,000 kwa mwaka. Alikuwa analipa kila mwezi na deni linapanda. Marekebisho ya sheria ya 2016 yakapandisha makato hadi asilimia 15, akaanza kukatwa 60,000, sawa na 720,000 kwa mwaka. Ikitolewa tozo, deni likawa linashuka kwa kiasi kisichozidi 120,000 kwa mwaka. Mtu aliyepita hapo ana haki ya kuita mkopo kitanzi. Wewe unaingia tozo ikiwa imeondoka. Jambo moja ulichukue kwake hata hivyo: makato yalipanda kutoka 8 hadi 15 watu wakiwa tayari kazini, kwa hiyo usipange maisha kana kwamba masharti ya leo hayaguswi.

(Wasomaji wa Kenya, hesabu hizi msizihamishe. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu ya kwenu, una riba ya asilimia 4 kwa mwaka na faini ya shilingi 5,000 za Kenya kwa kila mwezi usiolipa, kwa hiyo kwenu kuchelewa kunauma zaidi.)

Sasa tuje kwenye mfuko. Tuseme umeajiriwa sekta binafsi kwa 700,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10, yaani 70,000. Kodi hutozwa kwenye 630,000 inayobaki, nayo ni 42,000. Bodi inachukua 105,000. Mkononi unapokea 483,000, na deni linaisha baada ya miaka 9 na miezi mitano. Ukianza na 1,000,000, makato ya Bodi ni 150,000 na unamaliza kwa miaka 6 na miezi saba. Ukianza na 450,000, unakatwa 67,500, unabaki na 326,700, na ukikaa kwenye mshahara huo huo utalipa karibu miaka 15.

Hapo kwenye 450,000 ndipo kaka ana hoja ya kweli. Mwenye diploma anayelipwa 400,000 bila mkopo, akitoa NSSF 40,000 na kodi 7,200, anaondoka na 352,800. Anamzidi mwenye shahada wa 450,000 kwa zaidi ya 26,000 kila mwezi. Nimepiga hesabu: shahada yenye mkopo inahitaji mshahara wa takriban 490,000 ndipo ilingane na hizo 400,000 za diploma. Hata hapo bado hujafidia mwaka mmoja ambao mwenzako atakuwa kazini wewe ukiwa darasani, kama milioni 4.2 za mkononi. Ukianza na 700,000, unamzidi 130,200 kwa mwezi. Kurudisha mwaka huo pamoja na pengo lote la ada na michango la miaka mitatu, 940,000 kwa mwaka, kutakuchukua miaka minne na nusu. Hiyo ni biashara nzuri kwa mtu wa miaka 20. Ukianza na 450,000 na kubaki hapo, ni hasara.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kama shahada hii, kwa mtu kama wewe, inafika 490,000 na kuzidi, na inachukua muda gani kufika. Hapo lazima niseme wazi kitu ambacho vipeperushi vya vyuo hukipita haraka. Shahada ya kwanza ya saikolojia haikufanyi uwe mwanasaikolojia wa hospitali. Kukaa na mgonjwa wa sonona au kiwewe na kumtibu ni kazi ya mwenye shahada ya uzamili ya saikolojia tiba, kama ile inayotolewa na MUHAS, chuo kikuu cha afya pale Muhimbili. Ukiwa na shahada ya kwanza unaingia sokoni ukishindana na watu wa sosholojia, ustawi wa jamii, rasilimali watu na maendeleo ya jamii, na mara nyingi wao ndio waliotajwa kwa jina kwenye tangazo.

Lithibitishe hilo mwenyewe wiki hii. Fungua Ajira Portal, tovuti ya serikali ya matangazo ya kazi, tafuta matangazo kumi ya kada zinazofanana na unachotaka, uende moja kwa moja kwenye kipengele cha sifa za mwombaji. Kwenye daftari andika safu mbili: yanayotaja saikolojia kwa jina, na yasiyoitaja. Maneno kama "au fani nyingine inayofanana na hizo" usiyaweke kwenye safu ya kwanza. Wakipokea maombi elfu kadhaa, wa fani zilizotajwa ndio hubaki. Ukikuta matangazo mawili tu kati ya kumi, basi ajira ya serikali usiihesabu kama mpango, ihesabu kama bahati.

Kazi ambazo wahitimu wa saikolojia huzipata kweli ni hizi: ushauri na malezi kwenye shule binafsi, ofisi za rasilimali watu, huduma kwa wateja, miradi ya ulinzi wa mtoto na ukatili wa kijinsia, unasihi kwenye miradi ya VVU, na ukusanyaji wa takwimu za utafiti. (Wengine huishia kuwa maofisa mikopo, wakikimbizana na wadaiwa. Somo la tabia za binadamu huwafaa huko pia.) Miradi ndiyo iliyokuwa ikilipa vizuri kuliko zote, lakini ina miguu ya udongo: mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, watu wengi wa miradi ya VVU walirudi nyumbani ndani ya wiki chache. Ukipata kazi ya mradi, uliza mkataba unaisha lini kabla hujauliza mshahara.

Tafuta pia wahitimu watatu wa kozi yako, wa chuo hicho hicho, waliomaliza miaka miwili au mitatu iliyopita. Maswali ni manne: ulikaa miezi mingapi kabla ya mshahara wa kwanza, si posho ya kujitolea; unapokea kiasi gani mkononi; mkataba ni wa muda gani; na katika darasa lenu unawajua wangapi walioajiriwa. Usiwaulize kama kozi ni nzuri, watasema nzuri. Wawili kati ya watatu wakiwa chini ya 490,000 miaka mitatu baadaye, msikilize kaka.

Sasa deni la pili, ambalo ndilo linaloninyima usingizi kwa niaba ya mama yako. Pengo lako kwa mwaka ni 760,000 za ada na 180,000 za michango, jumla 940,000. Akikopa hizo kikoba kwa asilimia 10 kwa mwezi, riba peke yake ni 94,000 kila mwezi. Karibu sawa na makato ya Bodi ya mtu anayelipwa 700,000, tena mama hana mshahara, na hapo hajagusa hata senti ya mkopo wenyewe. Kwa mwaka mmoja riba inafika 1,128,000, imeshapita mkopo wenyewe. Na hayo ni ya mwaka wa kwanza, unayo mitatu. Huko hapana. Kama njia pekee ya wewe kusoma ni kikoba cha asilimia 10, nenda kasome diploma.

Ila nadhani si njia pekee. Anza na rufaa. Bodi hufungua dirisha la rufaa kwa wasioridhika na kiwango walichopangiwa, kupitia akaunti ile ile uliyoombea mkopo. Rufaa isiyo na kielelezo kipya haibadilishi kitu. Ukiandika tu kwamba familia ni maskini, utajibiwa kwa kiwango kile kile. Tafuta ambacho hukukiambatisha mwanzo: cheti cha kifo kama kuna mzazi au mlezi aliyefariki, fomu ya ulemavu iliyothibitishwa na mganga, uthibitisho kwamba kaya yenu ipo TASAF (mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini), barua ya ufadhili kama kuna mtu aliyekulipia sekondari. Hakikisha jina kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na akaunti ya benki linafanana herufi kwa herufi. Wengi hukwama hapo, siyo kwenye umaskini wao.

Bumu nalo lina kazi. Kila linapoingia, tenga 130,000 siku hiyo hiyo kabla hujanunua chochote. Awamu nne ni 520,000. Inabaki 470,000 kwa siku 60. Ukipanga geto na wenzako wawili kwa 60,000 kila mmoja kwa mwezi, kodi ni 120,000, na chakula na nauli vinabaki na 350,000, yaani kama 5,800 kwa siku. Inawezekana kwa anayepika. Anayekula kwa mama lishe mara tatu kwa siku haimtoshi. Angalia pia kwamba wenye nyumba wengi wa Dar hutaka kodi ya miezi sita mkupuo, na bumu la kwanza huweza kuchelewa wiki kadhaa baada ya kuripoti, mpaka usajili ukamilike na usaini. Hapo ndipo wanafunzi wa mwaka wa kwanza huingia kwenye kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kali. Fika na fedha ya wiki sita mkononi, na uombe kitanda cha hosteli ya chuo kwanza hata kama ina kelele.

Pengo sasa limebaki 420,000 kwa mwaka, 210,000 kila muhula. Piga simu ofisi ya uhasibu ya chuo, uulize ratiba ya kulipa ada kwa awamu na kiwango cha chini kinachoruhusu kukaa kwenye mtihani, kisha uombe wakutumie kwa maandishi. Kiasi hicho ni cha mahindi, si cha ardhi. Baba akiona mavuno hayatoshi, akodishe hiyo ekari kwa msimu kwa maandishi mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Ekari iliyouzwa hairudi hata ukipata kazi ya milioni mbili.

Ukienda, kuna mambo matatu yanayotenganisha mhitimu wa 450,000 na wa 700,000. La kwanza ni fildi. Usikubali kupangwa mahali utakapotumwa kununua chai. Omba mapema, miezi minne kabla, kwenye ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya, kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa, au Mirembe pale Dodoma, na ukimaliza udai barua inayotaja ulichofanya: umeshiriki vikao vingapi, umeandika kumbukumbu za aina gani, chini ya nani. La pili ni takwimu. Somo la takwimu ndilo wanafunzi wa saikolojia hulikimbia, na ndilo linalowalisha mapema. Anayejua kutengeneza dodoso kwenye KoboToolbox (programu ya kukusanya takwimu kwa simu) na kuchambua majibu kwa SPSS (programu ya kuchambua takwimu) huanza kulipwa kwa siku kama mdadisi akiwa bado mwaka wa tatu. La tatu ni GPA, wastani wako wa ufaulu chuoni. Vyuo vingi hudai angalau 2.7 kuingia uzamili. Ukiwa na 2.5, mlango wa saikolojia tiba unafungwa kabla hujajua kama unautaka. Na mkopo wa mwaka unaofuata unategemea kufaulu wa mwaka huu, kwa hiyo kufeli kunakugharimu mara mbili.

Uzamili wenyewe usiuweke kwenye hesabu za sasa. Fanya kazi kwanza, uone kama mshahara unabeba ada yake. Na kama ndoto ni kufungua chumba chako cha ushauri nasaha, kumbuka aliyejiajiri anadaiwa na Bodi pia: si chini ya 100,000 kwa mwezi, au asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi. Aliyeajiriwa, mwezi asiopata mshahara hakatwi. Aliyejiajiri anatakiwa kutoa hata mwezi ambao wateja ni wanne.

Kwa hiyo maoni yangu: nenda, ikiwa wahitimu watatu wamekupa majibu ya kuridhisha na pengo limezibika bila kikoba na bila kuuza shamba. Kimoja kikikosekana, diploma ya kaka ni chaguo la heshima. Shahada unaweza kuisoma baadaye ukiwa na kipato.

Mwambie na kaka achukue slipu zake za mshahara, aziweke mezani, kisha afungue akaunti yake ya Bodi na kulinganisha mwezi kwa mwezi. Mwajiri anatakiwa kuijulisha Bodi ndani ya siku 28 tangu amwajiri mnufaika, na kupeleka makato ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha. Wapo wanaokata na kuchelewesha, au kupeleka kwa jina lisilolingana, na deni likaonekana limesimama. Akikuta miezi imeruka, aende ofisi ya Bodi ya kanda na slipu za miezi hiyo hiyo, nakala kwake, na asiondoke bila barua yenye muhuri wa kupokelewa.